Chapa ya fedha na lebo ya dikanta

chapa *nm* [i-/zi-] alama inayopigwa juu ya madini kwa kifaa cha chuma ili kuonesha ubora na asili yake.

Maana katika muktadha. Dikanta ni chupa ya kioo inayomiminiwa mvinyo kabla ya kuandaliwa mezani. Tangu miaka ya 1730, mafundi wa Uingereza walitengeneza lebo ndogo za fedha zilizoning'inizwa shingoni mwa chupa kwa mkufu, zikiwa na maandishi kama MADEIRA au PORT. Neno *kibandiko* halifai hapa, kwa kuwa lebo hizo hazigandishwi.

Fedha. Neno hili lina maana mbili: madini na pesa. *Lebo ya fedha* huweza kueleweka kuwa lebo ya bei. *Lebo iliyotengenezwa kwa fedha* huondoa utata huo. Vivyo hivyo, *sterling* katika muktadha huu si sarafu, bali ni kiwango cha ubora: sehemu 925 za fedha halisi katika kila sehemu 1000.

Aina za chapa. Simba anayetembea huthibitisha kiwango hicho. Nanga ni ya Birmingham. Kichwa cha chui ni cha London. Herufi za mwanzo za jina humtambulisha fundi. Herufi moja pekee huonesha mwaka. Kichwa cha mfalme au malkia, kilichopigwa kuanzia 1784 hadi 1890, kilionesha kwamba ushuru umelipwa. Mfasiri asishangae kuona kwamba "chui" wa London ana uso wa simba: katika lugha ya kale ya nembo, simba anayemtazama mtu uso kwa uso aliitwa chui. Jina la chapa libaki *kichwa cha chui*.

Chapa, muhuri, nembo. *Muhuri* hugongwa kwa wino au nta. *Nembo* ni ishara yenyewe, popote ilipochorwa. Alama inayodidimizwa katika madini ni *chapa*.

Angalizo. Herufi EPNS si chapa ya fedha. Huonesha aloi ya shaba, zinki na nikeli iliyopakwa fedha kwa umeme. Jina la Kiingereza la aloi hiyo lina neno lenye maana ya fedha, ilhali ndani yake hamna fedha hata chembe. Anayeandika *lebo ya fedha* badala ya *lebo iliyopakwa fedha* humfanya mnunuzi alipie kisichokuwapo. Kwa upande mwingine, lebo nyingi za kabla ya sheria ya 1790 hazina chapa zote. Upungufu huo pekee usifasiriwe kuwa ni ughushi.

Mifano.
*Lebo hii ina chapa ya nanga.*
*Lebo ile imepakwa fedha. Haina chapa ya simba.*