Karatasi Mikononi mwa Watoto

Mwanafunzi apewapo karatasi huona mahali pa kuandikia tu. Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka wa 1782, aliona jambo jingine. Mwaka wa 1837 alianza kazi yake ya kuwafunza watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka wa 1840 akaipa shule ya namna hiyo jina la Bustani ya Watoto. Humo watoto walipewa mipira, vipande vya mbao, na karatasi: waikunje, waikate, waitoboe kwa sindano, au wasuke vipande vyembamba vya rangi mbili, hiki juu na hiki chini, kama msusi wa mkeka asukavyo ukindu. Mtoto aliyekunja karatasi ya mraba mara mbili aliijua nusu na robo kwa vidole vyake kabla hajafundishwa hesabu.

Jambo hilo laonekana dogo, lakini serikali ya Prussia ililiogopa. Mwezi wa Agosti 1851 ilizipiga marufuku shule hizo, ikidai kwamba zaeneza ukafiri na siasa mbaya. Yasemekana waziri alimchanganya Froebel na Karl, mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa na maoni makali. Mzee alifariki mwaka wa 1852, na marufuku haikuondolewa mpaka 1860. Hata hivyo wafuasi wake, wengi wao wanawake, waliyachukua mafundisho yake ng'ambo. Mmoja wao, Margarethe Schurz, alifungua shule ya namna hiyo huko Watertown, Marekani, mwaka wa 1856.

Basi kazi hii ilihitaji karatasi nyingi, na karatasi za zamani zilikuwa ghali, kwa kuwa zilitengenezwa kwa matambara. Katika miaka ya 1840 Friedrich Gottlob Keller, wa Saxony, aligundua njia ya kusaga mti kuwa rojo la karatasi, na baadaye bei ikashuka. Lakini karatasi ya mti uliosagwa hugeuka manjano na kukatika upesi. Kwa kazi ya mtoto itakayotupwa kesho si neno. Kwa kazi ya kuhifadhiwa, ni hasara.

Tena karatasi ya mashine ina njia yake. Nyuzi zake nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Chana gazeti, msomaji, utaona: upande mmoja huchanika kwa unyofu, upande wa pili hupinda ovyo. Ndivyo ilivyo katika kukunja. Karatasi nene ikikunjwa kwa kukingama nyuzi, mkunjo hupasuka, na mtoto hudhani kosa ni lake.

Mtu aliyeyashughulikia mambo haya kwa ustahimilivu alikuwa Milton Bradley, mpiga chapa wa Springfield, katika jimbo la Massachusetts. Alipiga chapa kwa jiwe, kila rangi na jiwe lake. (Mwaka wa 1860 aliuza picha ya Abraham Lincoln asiye na ndevu, Lincoln akafuga ndevu, na yasimuliwa kwamba wanunuzi walidai fedha zao.) Mwaka wa 1869 alitoa kitabu juu ya mafundisho ya Froebel, kisha akaanza kutengeneza vifaa vyake. Faida ilikuwa haba na washirika wake wakanung'unika, lakini hakuacha.

Kilichomsumbua zaidi ni rangi. Mwalimu alisema "nyekundu", na mtoto mmoja akashika karatasi ya rangi ya damu, mwingine ya chungwa bivu. Ndipo Bradley akachagua rangi sita kutoka katika mwanga wa jua uliotawanywa, yaani nyekundu, ya chungwa, manjano, kijani, buluu na zambarau, akatoa karatasi zilizopimwa kwa hizo. Alitengeneza pia pia ya watoto yenye visahani vya karatasi. Mtoto alipachika chekundu na cha manjano, akaizungusha, na mbele ya macho yake ikatokea rangi ya chungwa.