Viunganishi vya kompyuta mpakato

Viunganishi vya kompyuta mpakato ni soketi na pini zinazounganisha ubao mama na vipuri au vifaa vingine. Kiunganishi kilichosanifiwa vizuri huachia nafasi teknolojia ambayo bado haijaja. Mfano bora ni USB-C ya mwaka 2014. Katika pini zake 24, mbili ziliachwa kwa matumizi ya ziada, na njia zake za kasi zaweza kugeuzwa kubeba picha ya skrini. Hivyo kiwango cha USB4 cha 2019 ilifika gigabiti 40 kwa sekunde, na toleo lake la 2022 gigabiti 80, katika tundu lilelile. Kwa wazo kama hilo, kampuni ya Framework ya Marekani, kuanzia 2021, huuza mpakato ambazo milango yake ni kadi za kuchomoa. Kumbukumbu ya RAM haina uhuru huo: soketi ya kizazi cha DDR4 haipokei cha DDR5.

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ambako watu na mizigo husafiri kwa boti, suala la viunganishi ni zito zaidi. Hewa ya chumvi huozesha migusano ya metali, ndiyo maana pini hupakwa dhahabu. Likiharibika, tundu la chaji lililo kwenye kibao chake chenyewe hubadilishwa kwa bisibisi. Lililolehemiwa kwenye ubao mama humhitaji fundi mwenye vifaa maalumu.