Kimeng'enya Kilichoacha Kusikia: Chimbuko la Alosteri

Alosteri, yaani udhibiti wa kimeng'enya kupitia mahali pengine mbali na mahali pake pa kazi, inapotajwa, sifa nyingi humwendea Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyeijenga nadharia yake. Sibishani na ukubwa wa Monod. Ninachodai ni kwamba msingi wa jambo hili uliwekwa na majaribio ya watu waliokiharibu kimeng'enya kwa makusudi, wakatazama kilichobaki. Mwaka 1956 Edwin Umbarger alionyesha kwamba ndani ya bakteria E. coli, isolusini ikizidi hukizuia kimeng'enya kinachoanzisha safari ndefu ya kuitengeneza. Mwaka huohuo Richard Yates na Arthur Pardee wakaona hali kama hiyo katika utengenezaji wa pirimidini. Seli, basi, haipotezi nguvu kutengeneza ilicho nacho tayari. Lakini inajizuiaje? Tangu Emil Fischer alipokifananisha kimeng'enya na kufuli mwaka 1894, jibu jepesi lilikuwa kwamba kizuizi hufanana na malighafi, hivyo hugombea nayo tundu moja. Jibu hilo lilikwama kwenye CTP, zao la mwisho la njia ya pirimidini, ambayo haifanani kabisa na malighafi iitwayo aspatati, na bado hukizuia kimeng'enya kinachoitumia aspatati hiyo.

Jean-Pierre Changeux, mwanafunzi wa Monod, alikishughulikia kimeng'enya cha Umbarger. John Gerhart na Pardee wakashika kile cha CTP. Kwa joto au kwa kemikali kama misombo ya zebaki, pande zote mbili zilipata matokeo yaleyale: kimeng'enya kiliendelea na kazi, ila hakikuzuilika tena. Mtu anaweza kupinga kwamba joto ni chombo kikali mno, na protini iliyovurugwa haithibitishi lolote. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana kazi ya Gerhart na Howard Schachman, mwaka 1965, naiona kuwa nzuri kuliko zote. Walikitenganisha kimeng'enya vipande vya aina mbili: kimoja kilifanya kazi bila kuijali CTP, kingine kiliishika CTP lakini hakikuweza kazi. Vilipounganishwa upya, utiifu ukarejea: mahali pa kazi na mahali pa kudhibitia ni pawili tofauti.

Wengine watasema Christian Bohr alitangulia mwaka 1904, alipoonyesha kwamba kaboni dioksidi huilegeza oksijeni kwenye himoglobini. Kweli, aliiona tabia. Mahali pa pili pa kudhibitia hakupaona. Monod, Changeux na mwenzao Wyman walipoandika mwaka 1965 kwamba molekuli nzima hugeuka kwa pamoja, Daniel Koshland na wenzake walijibu mwaka uliofuata kwamba sehemu zake hugeuka moja baada ya nyingine. Ubishi huo ulikuwa mkali, lakini haukugusa ushahidi wa mahali pawili. Ushahidi huo una faida hospitalini: asciminib, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hushika kimeng'enya mbali na mahali pake pa kazi, kwa hiyo hukizuia hata pale mabadiliko ya kijeni yanapokuwa yameziba njia ya dawa za awali.