Pasha alianguka, bendera ilishushwa: mwaka ambao Bagamoyo haiuzungumzi

Kijana aliyekuwa akitutembeza alisimama mbele ya Boma, akanyoosha kidole kwenye baraza ya juu, akasema, "Pale ndipo alipoangukia Emin Pasha." Wenzangu wakainua simu wakapiga picha. Mimi nikanyamaza. Boma la Bagamoyo limejengwa 1897, na Pasha alianguka Desemba 4, 1889. Miaka minane kabla ya msingi wa nyumba kuchimbwa, hakuna baraza ya kuangukia.

Tulikuwa kumi na wawili ndani ya Kosta, watu wa Dar es Salaam tuliotaka kupumua Jumamosi na Jumapili. Kilomita 70 hivi: Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, na ukishavipita vibanda vya nazi na mihogo umeshafika. Njia nzima watu walibishana habari ya bandari mpya ya Bagamoyo. Hata hili si jipya. Mkataba na Wachina ulisainiwa 2013, wakati Jakaya Kikwete, mwana wa Msoga, yuko Ikulu; mwaka 2019 John Magufuli akasema hadharani kwamba masharti yale ni mwendawazimu tu anayeweza kuyakubali. Tangu hapo mradi unazikwa na kufufuliwa. Mwenzetu mmoja akatamka kwa uhakika wote kwamba Bagamoyo imelala miaka mia na thelathini, na bandari ndiyo itakayoiamsha.

Nilipokuwa nimesimama ufukweni mbele ya jengo la forodha la Wajerumani, maji yamekupwa, nikaelewa kwa nini ililala. Bahari ilikuwa imerudi nyuma mpaka wanawake wanatembea na ndoo mahali ambapo asubuhi mashua zilielea. Majahazi yalikaa ubavu juu ya mchanga, na fundi mmoja alikuwa amechuchumaa chini ya moja, anashindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye nafasi za mbao, kidogo kidogo kwa patasi butu na nyundo. Jahazi linapenda ufukwe wa namna hii. Linasubiri maji yajae, linaingia, maji yakitoka linabaki kavu, linapakuliwa kwa mabega ya watu. Meli ya moshi haiwezi. Ilitia nanga mbali huko, ikaletewa mzigo kwa mashua. Ndiyo maana mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao Dar es Salaam, penye bandari ya kina, na reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905 mambo yakawa yamekwisha.

Kabla ya hapo Bagamoyo ilikuwa mlango. Historia yake ya shuleni kila mtu anaijua, nitaipita mbio. Kaole, kilomita tano kusini, ina msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Washomvi na majumbe wao ndio walioushika mji. Karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ikawa inateremka na pembe, na watu waliofungwa minyororo, ikipanda tena na merikani, kaniki, shanga na waya, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Ujiji. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868. Februari 24, 1874 Chuma, Susi na wenzao waliuleta mwili wa Livingstone, ukalala usiku mmoja misheni. Kuhusu jina lenyewe, kama ni kubwaga moyo kwa huzuni ya mtumwa au kwa furaha ya mpagazi aliyefika pwani, waongozaji wa watalii huchagua kulingana na uso wa mgeni.

Nililolifuata mimi ni mwaka mmoja na ushei tu, kuanzia Agosti 1888 hadi Desemba 1889, na nilikuwa na vitabu viwili vya kunishika mkono. Kimoja ni cha Henry Morton Stanley, kilichotoka 1890, kinene kama tofali na kimejaa Stanley. Cha pili ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, mwaka wa 1307 wa Hijra. Ni mwaka ule ule, pwani ile ile. Mmoja aliitazama kutoka meza ya karamu, mwingine alisimama upande wa watu waliopigwa mizinga.

Ugomvi ulianza na mlingoti. Aprili 1888 Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Said, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kwenye kiti cha nduguye Barghash, alitia saini kuikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani. Kwenye karatasi ilikuwa ni ushuru na forodha, tena kwa jina la Sultani. Agosti 16 Kampuni ilipokuja kushika kazi ikataka zaidi. Huko Bagamoyo ilitaka bendera ya Sayyid isipepee tena nyumbani kwa liwali, bali ipepee kwenye nyumba ya Kampuni, sambamba na yake. Liwali akakataa. Yeye ni mtu wa Sultani, bendera iko kwake, nani huyu mfanyabiashara anayemwamuru aishushe? Kampuni haikubishana sana. Nyuma yake kulikuwa na manowari, na mlingoti ukakatwa.

Nimeufikiria sana mlingoti ule. Vitabu vingi vinauita chanzo kidogo cha vita, nami sikubaliani na neno hilo "kidogo". Mji unaoishi kwa biashara hujua nani ana haki ya kutoza na nani hana kwa kuangalia kitambaa kilichoko juu ya kijiti. Jumbe anayepokea hongo ya msafara, Mhindi anayekopesha bidhaa, nahodha anayeingiza jahazi, wote husoma kitambaa hicho kabla ya kufungua mfuko. Ukikata mlingoti umekata mikataba yote ya mji kwa shoka moja.

Pangani kulichafuka zaidi, na huko ndiko alikotokea Abushiri bin Salim, Mwarabu mwenye mashamba ya miwa aliyekuwa na kisasi cha zamani hata na masultani wenyewe. Saadani ikamtoa Bwana Heri. Septemba 1888 wanamaji wa manowari Leipzig walishuka Bagamoyo wakaua watu wengi. Desemba Abushiri naye akaushambulia mji, nyumba zikaungua, na maelfu ya watu wakakimbilia misheni. Mapadri Wafaransa walikuwa na maelewano na Abushiri, naye hakuwagusa. Ni jambo la kushangaza kwa mtu ambaye magazeti ya Berlin yalimchora kama mnyang'anyi wa watumwa. Mei 1889 Mjerumani Hermann Wissmann, akiwa na askari Wasudani waliokodiwa Cairo na Wazulu waliochukuliwa pwani ya Msumbiji, akaivunja kambi ya Abushiri karibu na mji. Abushiri akaponyoka, akaingia bara.

Mji huo ulioungua nusu ndio uliompokea Pasha.

Emin Pasha alizaliwa Eduard Schnitzer huko Silesia mwaka 1840. Alikuwa daktari, mtaalamu wa ndege na wadudu, gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, ambaye jeshi la Mahdi lilimkatia njia ya kaskazini. Ulaya ikaingiwa na huruma. Stanley akatumwa 1887 kumwokoa, akapitia mto Kongo na watu zaidi ya 600 kutoka Unguja. Alipomfikia ilibidi ambembeleze aondoke, maana Pasha hakuwa na hakika kama anataka kuokolewa. Safari ya kurudi ilijaa manung'uniko: Stanley anamwona Pasha legelege, Pasha anamwona Stanley mkali asiye na adabu. Watu wa Unguja waliorudi hai hawakufika nusu ya walioondoka. Majina yao, isipokuwa wachache, hayamo katika kitabu kinene.

Desemba 4, 1889 Wissmann akawapokea Bagamoyo kwa mizinga na bendera, na jioni karamu. Hapa Stanley anafurahia kusimulia, nami naona haya kidogo kukiri kwamba nilifurahia kusoma. Bendi ya manowari inapiga. Kuna mvinyo. Kuna salamu za simu kutoka kwa Kaisari Wilhelm mwenyewe, na Pasha, mtu aliyekaa bara miaka mingi akipata barua kwa nadra, anazisoma kwa kusogeza karatasi mpaka puani, kwa maana macho yake yalikuwa mabovu. Hotuba zikatolewa. Pasha akazunguka meza, anacheka na huyu, ananong'ona na yule. Kisha akatoweka. Baada ya muda boi wa Stanley akamwinamia bwana wake akamwambia sikioni kwamba Pasha ameanguka.

Chumba kilikuwa ghorofani na dirisha lake lilikuwa na ukingo mfupi. Inaelekea Pasha alidhani ni mlango wa barazani, akatoka. Bati la kibanda kilichokuwa chini lilimpunguzia kishindo, la sivyo angekufa hapo hapo. Wakamwokota barabarani, damu inatoka sikioni, wakampeleka hospitali ya Wajerumani.

Uzito wa kisa hiki uko kwenye siku zilizofuata. Stanley alitaka kuvuka naye Unguja mara moja, ampeleke Misri na Ulaya, amwonyeshe kama kombe aliloshinda. Madaktari wakasema mgonjwa hasogezwi. Stanley akaondoka bila kombe lake. Akiwa kitandani, Pasha akakaa na wenzake wanaosema lugha yake, wiki baada ya wiki, mpaka siku alipoinuka akiwa mtumishi wa Wajerumani. Aprili 1890 akaongoza msafara kutoka mji huu huu kurudi bara, kwenda kuwapandishia bendera. Stanley hakumsamehe. Oktoba 1892 Pasha akauawa Kongo.

Sasa hesabu tarehe. Pasha alianguka Desemba 4. Siku hizo hizo Abushiri alikuwa anatangatanga bara, akamkimbilia jumbe aliyedhani atamficha, jumbe akamtoa. Desemba 15 Wajerumani wakamnyonga Pangani. Siku kumi na moja kati ya mtu mmoja kuanguka dirishani na mwingine kuning'inia kambani, na ziara za mwisho wa wiki humsimulia yule wa dirishani. Hemedi bin Abdallah alivitungia vita vya huyu wa pili utenzi mzima, kwa Kiswahili, kabla Wajerumani hawajakausha wino wa ripoti zao. Katika siku zangu mbili Bagamoyo hakuna aliyenitajia jina lake. Wala la Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Dunda, mwalimu wa Kurani wa mji huu aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, na ambaye masimulizi yake ya desturi za Waswahili yalichapwa 1903. Tuna watu wetu walioandika, halafu tunaomba historia kwa Stanley.

Yaliyofuata ni mafupi. Forodha, Boma, shule ya Sewa Haji, kisha Waingereza, kisha usingizi. Chuo cha Sanaa kikaja 1981, na ngoma zake ndizo zilizoutangaza mji kuliko kuta zake. Mwaka 2006 njia ya misafara iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya maeneo yanayosubiri kuwa Urithi wa Dunia. Kwenye ukuta mmoja wa mtaa wa zamani nilipitisha kiganja: chokaa inabaki mkononi kama unga wa muhogo, na ndani unaona matumbawe na ncha ya boriti ya mkoko iliyoliwa na mchwa. Mbuzi alikuwa amelala kwenye kizingiti chini ya fremu isiyo na mlango.

Nilimvuta pembeni yule kijana wa kututembeza nikamwambia habari ya 1897. Hakukasirika. "Najua, mzee," akasema. "Lakini nyumba yenyewe siijui, na wageni wanataka kuona ghorofa."

Jumapili kabla ya kuondoka nilikwenda peke yangu karibu na pwani, penye makaburi ya Wajerumani. Yako ishirini hivi, yana uzio, na mawe yana majina na miaka. Si mbali na hapo ni mahali walipokuwa wakinyonga watu wetu. Pana jiwe lenye maandishi ya Kiswahili linaloeleza hivyo, lakini halina jina la mtu hata mmoja. Vijana wawili, mume na mke nafikiri, walikuwa wameliegemea, mmoja wao kaweka soda yake juu. Wakaniomba niwapige picha.

"Ukate hilo jiwe, mzee," yule binti akasema, "tupate bahari."

Nikasogea hatua mbili kulia, nikawapa bahari.