Kiswahili Kilivyofika Addis Ababa

Wasomaji wetu wengi watakumbuka kwamba mnamo Julai 2004, katika kikao cha wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia kwa Kiswahili. Wajumbe walishangaa. Wanafunzi wetu nao hutuuliza: kwa nini rais wa nchi inayotumia Kireno?

Jibu liko Dar es Salaam. FRELIMO iliundwa huko mwaka 1962, na mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya OAU ikaweka makao yake katika jiji hilohilo. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini walipokelewa. Wengi walipitia kambi ya Kongwa. Kiswahili walikiokota sokoni na kwa majirani, pamoja na adabu zake: kusalimiana kwanza, kumwita mwenzio ndugu bila kujali cheo. Hatusemi kwamba Tanzania ilipiga hesabu ya kueneza lugha. Ilitoa hifadhi na mafunzo ya kijeshi, tena kwa gharama kubwa, na lugha ikafuata nyuma. Ushawishi wa aina hiyo haununuliwi. Chissano alikuwa nao moyoni miongo minne baadaye.

Hapa kwetu Uganda lugha hiyohiyo ilipita njia nyingine. Tangu enzi za KAR ilikuwa lugha ya kambi za jeshi. Mwaka 1973 Idi Amin akaitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, lakini shuleni haikupewa nafasi ya maana. Raia waliendelea kuisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Kwa maoni yetu, amri ile ilikiumiza Kiswahili kuliko kukisaidia.

Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, itumike kadiri Bunge litakavyoelekeza. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi, na Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lazima tena! Walimu tutakaokifundisha tunajua kwamba mwanafunzi akirudi nyumbani na daftari la Kiswahili, huenda babu yake akamwuliza kama anataka kuwa askari.