Kisanduku Nilichokitupa Ziwani

Usiku mmoja wa Aprili mwaka 1983 nilitoka nyumbani Mirongo nikiwa na kifurushi kwapani, nikateremka mpaka kwenye mawe ya ufukoni, si mbali na kivuko cha Kamanga. Niliketi kitambo nikijifanya mtu anayepunga upepo. Nilipoona hapana mtu, nikakitupa kifurushi kile ziwani. Kililia chubwi mara moja, basi. Ndani yake hamkuwa na dhahabu wala pembe za ndovu. Mlikuwa na kisanduku cha bati, kikubwa kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho mpiga gitaa hukikanyaga kwa mguu ili sauti ya gitaa lake ikwaruze.

Nikiwasimulia vijana kisa hiki hucheka, nami siwalaumu. Lakini siku ile sikucheka. Kisanduku kile kilikuwa kitu pekee cha muziki nilichoweza kukiita changu.

Ili msomaji anielewe, sina budi kulieleza neno moja: vyombo. Katika muziki wetu wa dansi, vyombo ni magitaa, ngoma, matarumbeta, amplifaya, spika na maikrofoni kwa pamoja, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilifungua njia ambayo taasisi nyingi ziliifuata. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Mpango huo ulikuwa na heri yake, kwani mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi kama karani. Lakini alipohama bendi, na wanamuziki wetu walihama sana, aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki kwa mwenyewe.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilipiga besi katika bendi ya taasisi moja hapa mjini, ambayo haina haja ya kutajwa. Gitaa la besi lilikuwa la bendi, waya ulikuwa wa bendi, hata mkanda wa kuning'iniza gitaa begani ulikuwa wa bendi. Nyuzi zilikuwa adimu kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa adimu. Nchi ilikuwa imetoka katika kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na hapana ofisi ambayo ingetoa dola kwa ajili ya nyuzi za gitaa wakati dawa na vipuri vinasubiri. Nyuzi zilipofubaa tulizichemsha katika sufuria kama viazi, jasho na mafuta ya vidole yakatoka, zikalia vizuri kwa wiki moja au mbili. Kisha tukachemsha tena.

Katika hali hiyo, mwaka 1982 nikaletewa habari ya kisanduku. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, lakini ziwa halina mlango. Mtu mmoja aliyekuwa akileta sabuni na dawa za meno kutoka upande wa Kisumu alikuwa nacho, hajui hata kazi yake. Nilimlipa mshahara wa miezi miwili. Kilihitaji betri ndogo ya volti 9, ambayo haikupatikana Mwanza yote. Nikachukua mawe sita ya redio, yenye volti moja na nusu kila moja, nikayapanga kwa mstari ndani ya gazeti lililokunjwa, nikafunga kwa mpira wa baiskeli. Kikafanya kazi.

Asili ya visanduku hivyo nilikuja kuisoma baadaye sana, na inafaa isimuliwe kwa sababu inahusu besi hasa. Mwishoni mwa mwaka 1960, katika studio moja mjini Nashville, Marekani, mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo, na Grady Martin akampigia gitaa la besi la nyuzi sita. Njia moja ya mashine ya kuchanganyia sauti ilikuwa imeharibika, na besi ikatoka inanguruma na kukwaruza kama nyuki ndani ya debe. Wangeweza kurudia. Wakaiacha. Wimbo ukapendwa, wapigaji wengine wakaitaka sauti ile, na fundi mitambo aliyekuwapo siku hiyo, Glenn Snoddy, akashiriki kubuni kifaa cha kuifanya ubovu ule kwa makusudi. Mwaka 1962 kikatolewa sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Miaka iliyofuata ikaleta vingine vingi: vya kuizungusha sauti, vya kuifanya gitaa moja lisikike kama mawili, vya kuifanya noti itamke kama mdomo wa mtu. Lakini chimbuko la vile vya kukwaruza ni mashine mbovu na watu waliokuwa na masikio ya kuusikia uzuri ndani ya ubovu.

Niliposoma hayo nilitabasamu, maana mashine mbovu sisi tulikuwa nazo bure. Amplifaya ya besi tuliyokuwa nayo ilikuwa dhaifu, na ukumbi ulipojaa tuliifungua mpaka mwisho. Ikakwaruza yenyewe bila kisanduku. Aidha ilikuwa na mvumo usiokoma. Umeme wetu wa Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde, na noti ya G katika uzi mnene wa besi, pau ya tatu, ina mitetemo 49. Kwa hiyo vyombo visipozuiwa vizuri, umeme wenyewe hupiga besi usiku kucha, noti inayokaribia G lakini iliyopanda kidogo. Nyimbo za ufunguo wa G zilinitesa. Mpiga solo alidhani sijatyuni gitaa. Kumbe nilikuwa nikipigana na umeme.

Kwa nini basi nilitaka mkwaruzo zaidi? Ukweli ni kwamba nilitaka kusikika. Sisi wa kando ya ziwa tumelelewa na sauti nzito. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, ngoma kubwa husikika kabla hujawaona wachezaji. Kutoka upande wa Mara na Nyanza tulipata benga, ambamo besi haijifichi nyuma. Husukuma na kujibizana na gitaa la solo. Mfalme wa muziki huo, D.O. Misiani, alizaliwa Shirati, ufukoni mwa ziwa hili hili, mwaka 1940, akajipatia jina lake Kenya, akafariki mwaka 2006. Na kutoka Dar es Salaam, redio ilituletea besi ya Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park, aliyeitwa Computer, ambaye kila noti yake ilikuwa na mahali pake. Mimi katika ukumbi wetu nilikuwa mvumo tu.

Nilipokikanyaga kisanduku kwa mara ya kwanza mbele ya watu, Jumamosi moja, nilisikia kwamba nimezaliwa upya. Besi ilinguruma. Vijana waliosimama nje ya ukumbi, wasio na kiingilio, wakapiga mbinja. Kwa miezi kadhaa sikukizima.

Hapa pana jambo la kisayansi ambalo mpiga besi yeyote anafaa kulijua kabla ya kutoa fedha yake. Uzi mnene wa besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo haiwezi kuutoa mtetemo huo. Lakini juu ya mtetemo wa msingi kuna mingine, ya mara mbili yake, mara tatu, mara nne, na sikio la binadamu likiisikia hiyo ya juu hujijazia lenyewe ule wa chini usiokuwapo. Ndiyo sababu unaweza kuifuata besi katika redio ndogo ya mkulima. Mkwaruzo huongeza mitetemo hiyo ya juu. Kwa hiyo vijana wa nje, waliosikia kupitia spika za honi zisizo na uzito wowote, walinisikia vizuri zaidi kuliko zamani. Lakini visanduku vingi vya kukwaruza, hasa vilivyotengenezwa kwa ajili ya gitaa la solo, huongeza juu na kupunguza chini. Waliokuwa ndani, wanaocheza, waliipoteza besi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mngurumo wangu, nikautegemea huo badala ya kuitazama miguu ya watu.

Mwishoni mwa Machi 1983 ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Walanguzi walikamatwa, maghala yakafunguliwa. Magendo yalikuwa yameiumiza nchi kweli, na watu wengi waliiunga mkono vita hiyo. Lakini hofu haichagui. Watu waliokuwa na vitu visivyo na stakabadhi walivificha, wengine wakavizika, wengine wakavitupa. Mimi nilikuwa na kisanduku kimoja cha kigeni, kimevushwa mpaka uliofungwa, sina karatasi yake. Hakuna aliyenijia wala kuniuliza. Nilijihukumu mwenyewe, nikashuka ziwani.

Jumamosi iliyofuata nilipiga besi tupu, nikiwa na uchungu kama mtu aliyefiwa. Baada ya nyimbo nne au tano, mpiga rithimu wetu, mtu mzima aliyenifundisha kazi na ambaye tulimwita kaka, aliniinamia sikioni. "Mdogo wangu," aliniambia, "leo sakafu imerudi." Hakujua nilikokipeleka kisanduku. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote zile. Akanijibu kwamba aliona jinsi ninavyokipenda.

Maneno hayo nimeishi nayo miaka arobaini sasa. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, vitu vilianza kurudi madukani, na baadaye niliweza kununua visanduku vingine kwa stakabadhi halali. Lakini nilinunua kwa akili nyingine. Nilijifunza kuanza na nyuzi nzuri na waya mzima, kwa sababu hapana kisanduku kinachotibu waya uliooza. Kisha nikatafuta kompresa, kifaa kinachoipunguza noti iliyopigwa kwa nguvu na kuipandisha iliyopigwa kwa ulegevu, zikalingana. Wasikilizaji hawakigundui kamwe, lakini wachezaji hukijua kwa miguu yao. Baada ya hapo ikwalaiza, ili kila ukumbi urekebishwe kivyake, maana ukumbi wa zege hulimbikiza sauti nzito na uwanja wa wazi huimeza.

Kisanduku cha kukwaruza nilikirudia mwisho, na kwa sharti moja: kiwe na njia ya kuchanganya sauti iliyokwaruzwa na sauti safi. Safi hubeba uzito, chafu hubeba usikivu. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuuza vifaa vya besi vyenye mchanganyiko huo ndani yake, kama SansAmp Bass Driver na Boss ODB-3. Nilipoviona nilimkumbuka kaka. Jambo alilolisema kwa maneno matatu, viwanda vya Marekani na Japani vilikuwa vimelifunga ndani ya bati.

Mwaka jana, kijana anayepiga besi kanisani alinijia nyumbani. Alinipa shikamoo, akatoa simu, akanionyesha picha ya mashine moja yenye sauti mia na zaidi ndani yake, akaniuliza, "Mzee, hii inanifaa?" Bei yake haikuwa ndogo, na niliona machoni pake kwamba ameshaamua. Nilimwuliza gitaa analopiga ni la nani. "La kanisa," alisema. Waya? "Wa kanisa." Hapo nikaelewa anachotafuta, kwa kuwa nilikitafuta mimi mwenyewe mwaka 1982.

Sikumwambia asinunue. Nilimwambia kwamba kutaka kitu chako si dhambi, ila asikidhanie kuwa ndicho kusikika. Nilimshauri siku ya kwanza amwombe mwenzake apige gitaa lile, naye akasimame nyuma kabisa, mahali wanapokaa akina mama wenye watoto, ausikilize mngurumo kutoka huko kabla hajauzoea kutoka jukwaani. Tena nikamsihi awe na mtu mmoja katika kundi lao mwenye ruhusa ya kumwambia ukweli hata kuhusu kitu anachokipenda.

Alinishukuru, akaondoka. Jioni ile nilitembea hadi kule kwenye mawe. Pamebadilika sana, watu ni wengi na vyombo vya majini ni vingi. Nilikaa nikiutazama upande ule nilikotupa, nikawaza kwamba bati limekwisha kuliwa na kutu zamani. Kivuko kilikuwa kikiondoka kwenda Kamanga, na mngurumo wa injini yake uliyafikia mawe niliyokalia kabla ya kufika masikioni mwangu.