Kampuni Iliyotawala Pwani Yetu

Sisi tukaao Kiranjeranje, katika njia itokayo Kilwa kwenda Lindi, tukisikia neno kampuni huwaza ghala na malori ya mazao. Lakini zamani ilikuwako kampuni iliyotawala watu, na habari zake zafaa kujulikana.

Ndiyo Kampuni ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1885. Tarehe 28 Aprili 1888, Sayidi Khalifa wa Unguja alifanya nayo mkataba wa miaka 50, itawale pwani na kutoza ushuru kwa jina lake. Mwezi wa Agosti watu wake walishika bandari saba: Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi na Mikindani.

Na tutazame jinsi ilivyopangwa. Juu walikuwa wenye mali na wakuu wao, huko Berlin. Chini yao alikuwa mkubwa mmoja akaaye Unguja. Na chini yake, maofisa wachache katika kila bandari. Amri zilishuka ngazi kwa ngazi, lakini njia ya kulipandisha neno la wenyeji haikuwako. Maliwali na majumbe, waliozoea kuamua mashauri ya mji barazani, waliletewa amri zilizokwisha kukatwa: bendera ya kampuni ipandishwe, mashamba yaandikishwe, kodi mpya zilipwe.

Septemba pwani iliwaka vita. Kule Pangani aliinuka Abushiri bin Salim. Kilwa waliuawa Wadachi wawili, watumishi wa kampuni. Wa Lindi na Mikindani walikimbia. Kampuni ikasaliwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa hiyo moja. Wakubwa wengine waliogopa kupotewa na faida zao, hata zile za biashara ya watumwa. Lakini shauri ambalo halikusikiwa barazani lilisikiwa kwa bunduki.

Mwaka 1889 serikali ya Wadachi ilimtuma Wissmann pamoja na askari. Kilwa ilipigwa mizinga na kutwaliwa Mei 1890. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ilitwaa utawala, kampuni ikabaki na biashara yake. Waliokufa hawakurudi.

Twakumbuka Yethro alivyomshauri Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Neno dogo waliamue wao karibu na watu. Neno gumu lipande kwa Musa. Kampuni nayo ilikuwa na ngazi, lakini ngazi zake zilikuwa za kushukia tu.

Basi nasi, tuchaguapo wakuu wa chama cha ushirika cha kuuza ufuta wetu, au wazee wa kanisa, tusiulize tu ni nani atakayetoa amri. Tuulize pia, neno la mwenye jembe litapanda kwa njia gani?